Oksijeni ikipungua majini samaki wanakufa. Inakuwaje uchafuzi uwaumize kwa oksijeni hiyo hiyo?

#1 Mwanamaji77
Wakuu, salaam. Kuna jambo nalisoma kila mahali na kila nikilirudia linanigomea. Wanasema maji ya viwandani, viuatilifu na majitaka vinawatia samaki msongo wa oksidi, yaani oksijeni inageuka kuwa na makali ndani ya mwili na kuharibu seli. Lakini maji machafu si ndiyo yenye oksijeni kidogo? Maji safi yenye joto la nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 tu za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 inabaki saba na nusu hivi. Mwaga majitaka humo, bakteria wanaila yote. Sasa samaki anayetweta kwa kukosa hewa anaunguzwaje na hewa? Anayejua aeleze taratibu.

#2 KemiaHai
Swali limekaa vizuri mkuu. Kinachounguza si wingi wa oksijeni. Ni oksijeni iliyopokea elektroni pungufu. Ndani ya mitokondria, vile viwanda vya nishati vya seli, molekuli moja ya oksijeni inatakiwa ipokee elektroni nne ndipo iwe maji. Mara nyingine elektroni inachoropoka kabla ya kufika mwisho wa safari, inamdaka oksijeni aliye karibu, inazaliwa superoksaidi. Hapo kimeng'enya kiitwacho SOD kinaigeuza kuwa haidrojeni peroksaidi, kisha katalasi na glutathioni peroksidasi wanamalizia kuifanya maji.

Hili linatokea kila dakika kwa kila kiumbe anayevuta oksijeni, samaki mzima kabisa naye yumo. SOD ilitambuliwa na McCord na Fridovich mwaka 1969, na dhana ya msongo wenyewe ikawekwa sawa na Helmut Sies mwaka 1985. Msongo unakuja pale uzalishaji unapozidi uwezo wa kuzima. Kwa hiyo uchafuzi una milango miwili: kuongeza kinachozalishwa, au kudhoofisha kinachozima. Maji yenye oksijeni ndogo hayazuii lolote kati ya hayo.

#3 Fundi_Matamvua
Nakazia #2. Niongeze metali, maana kwangu ndipo penye kiini cha habari yote. Henry Fenton alieleza tangu mwaka 1894 kwamba chuma na peroksaidi vikikutana, vinaoksidisha vitu ambavyo peroksaidi peke yake haivigusi. Leo tunajua hapo inazaliwa radikali (chembe yenye elektroni isiyo na mwenza) ya haidroksili, na hiyo hakuna kimeng'enya cha kuizima. Inagonga molekuli ya kwanza iliyo jirani. Shaba nayo inafanya kazi hiyo hiyo kwa sababu inahama kirahisi kati ya hali zake mbili.

Sasa mtazame samaki. Utando wa seli zake umejaa mafuta ya omega-3, yale yenye vifungo viwili viwili vingi, na kila kifungo cha namna hiyo ni mahali radikali inapoweza kushika. Ikishashika mnyororo mmoja wa mafuta, huo unaupa wa pili, wa pili unaupa wa tatu, kama moto kwenye nyasi kavu. Na samaki wa maji yenye ubaridi mkali wana mafuta hayo kwa wingi zaidi, bila hivyo utando wao ungeganda. Matamvua ndiyo ya kwanza kupata, maana damu na maji vimetenganishwa na ukuta mwembamba mno.

#4 Bwawani
Kwa hiyo kadimiamu, risasi na zebaki ni njia hiyo hiyo?

#5 Fundi_Matamvua
Ndiyo mkuu, metali nzito zote zinapita humo.

#6 DadaDarubini
Fundi, hapo hapana. Kadimiamu ina hali moja tu ndani ya mwili, haipokei wala haitoi elektroni, kwa hiyo haiwezi kuendesha mmenyuko wa Fenton. Yenyewe inafanya mambo mengine. Inaishika glutathioni, molekuli ndogo ya kinga ya seli, kwenye salfa yake, seli inabaki na akiba ndogo ya kuzimia peroksaidi. Inavichomoa chuma na shaba kutoka kwenye protini zilizokuwa zimevifunga, na hivyo vilivyochomolewa ndivyo vinavyokwenda kufanya Fenton. Inavuruga pia mnyororo wa elektroni kwenye mitokondria. Zebaki nayo inapenda salfa, na zaidi ya hapo inapenda seleniamu, ambayo ndiyo moyo wa glutathioni peroksidasi.

Samaki ana silaha dhidi ya hizi: metalothioneini, protini ndogo iliyojaa salfa inayozifunga metali zisizurure. Ini na figo zinapoanza kuitengeneza kwa wingi, ujue metali zimeshaingia.

#7 Fundi_Matamvua
Nimekupata dada. Njia mbili basi, lakini zinakutana kwenye utando ulioharibika. Ninachoshikilia ni kwamba ukipima mafuta yaliyooksidishwa kwenye matamvua ya samaki wa mto wenye metali, utayakuta.

#8 SinaHaraka
Nimesoma kimya kuanzia juu, naona kuna jambo mnalirukia. Kuyakuta si sawa na kusema ndiyo yaliyomuua.

Chukua shaba. Samaki wa maji yasiyo na chumvi anapoteza chumvi muda wote, na muda wote anairudisha kwa matamvua. Shaba inaziba njia ya sodiamu kuingia na kukwamisha pampu zake. Sodiamu ya damu inashuka, damu inakuwa nzito, moyo unashindwa. Hiyo inatosha kumuua ndani ya siku chache, hata mafuta yake yasipoguswa. Kadimiamu inaziba njia ya kalsiamu. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti vinakamata kimeng'enya cha mishipa ya fahamu, misuli inakakamaa. Kila sumu ina mlango wake, halafu ndani ya samaki anayekufa kwa sababu yoyote ile, seli zinazovunjika zinatoa radikali. Mnapima kilio cha mwisho mnakiita chanzo.

Na ndiyo maana shaba ile ile inaua kwa kiasi kidogo kwenye maji laini, ila kwenye maji magumu yenye kalsiamu nyingi inahitajika kubwa zaidi. Kalsiamu inagombania nafasi juu ya matamvua. Nadharia yenu ya radikali inaelezaje hilo?

#9 KemiaHai
Inaeleza, kwa sababu shaba isiyoingia haiwezi kufanya Fenton pia. Ugumu wa maji unapunguza kinachoingia, haukwambii kilichoingia kinafanya nini. Kwa dozi kubwa ya siku mbili tatu nakubaliana nawe, chumvi ndiyo inayoua. Kwa dozi ndogo ya miezi, samaki anarekebisha chumvi yake na kuendelea kuishi, lakini ini lake linaendelea kuliwa. Huo muda mrefu ndio uchafuzi wenyewe wa kila siku. Ajali za kumwagika sumu ni chache.

#10 Maabara_Usiku
Naomba niwaambie wote wawili jambo kuhusu vipimo, maana ndiyo kazi niliyoifanya kwa thesis yangu. Kipimo kinachotumika zaidi ni kile cha rangi ya waridi: asidi ya thiobabituriki inachemshwa na sampuli, unasoma mwanga wa nanomita 532, unasema mafuta yameoksidika kiasi fulani. Ni rahisi, kila maabara inacho. Tatizo, rangi hiyo hiyo inatolewa na aldehidi nyingine na hata sukari. Kinakupa namba kubwa kuliko ukweli.

La pili ni mikono yetu. Niliwahi kutoa samaki kwenye tangi moja lenye maji safi, waliokimbizwa na wavu kwa muda mrefu wakatoka na namba za juu kuliko waliokamatwa mara moja. Hakuna sumu yoyote iliyohusika. Sampuli ikichelewa kugandishwa nayo inajioksidisha yenyewe mezani.

La tatu ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Vimeng'enya havipandi tu. Uchafuzi ukiwa mdogo, protini iitwayo Nrf2 inaingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni za kinga, katalasi na wenzake wanapanda. Uchafuzi ukizidi, vimeng'enya vyenyewe vinaharibiwa, vinashuka. Katikati ya njia kuna mahali namba inakuwa sawasawa na ya samaki mzima. Mtu akipima mara moja tu, katalasi ya kawaida inaweza kuwa na maana ya afya au ya samaki anayeelekea kuporomoka.

#11 Mwanamaji77
Shukrani wote, najifunza. Lakini swali langu la #1 limepitwa pembeni. Oksijeni ndogo. Nimeelewa kwamba haizuii. Je, yenyewe inaleta?

#12 Alfajiri
Inaleta, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia kubwa kuliko zote mlizotaja, metali zikiwemo.

Majitaka na mbolea vinaleta naitrojeni na fosforasi, mwani unajaa. Mchana mwani unatoa oksijeni hadi maji yanapita kiwango cha kushiba, asilimia zaidi ya mia. Usiku mwani wote unapumua na hautoi kitu, oksijeni inashuka hadi karibu na alfajiri inakuwa chini kabisa. Jua likichomoza inapanda tena. Samaki anapitia ukosefu na ziada ndani ya siku moja, kila siku.

Madhara makubwa yako kwenye kurudi. Oksijeni inapokosekana, mnyororo wa elektroni kwenye mitokondria unajaa elektroni zisizo na pa kwenda. Oksijeni inaporudi ghafla zinamwagika juu yake, superoksaidi inazaliwa kwa wingi. Madaktari wanalijua hili kwenye moyo wa binadamu uliozibwa mshipa kisha ukafunguliwa.

Ushahidi mzuri ni jamaa wa kambamti na goldfish, wale kapi wadogo wanaokaa chini ya barafu miezi bila oksijeni kabisa na kubadilisha taka zao kuwa pombe. Goldfish akiwa hana oksijeni, katalasi kwenye ini lake inapanda. Kwa nini upandishe kinga dhidi ya oksijeni wakati haipo? Kwa sababu itarudi.

#13 DadaDarubini
Alfajiri, post nzuri sana. Kambamti tu hawamo. Ni kamba, hana undugu wowote na kapi. Jamaa wa goldfish unayemtaka ni kapi aina ya crucian, Carassius carassius.

#14 Alfajiri
Crucian, sawa. Hoja inabaki pale pale.

#15 Bwawani
Hapo kwenye alfajiri mmenigusa. Niliwahi kuwa na samaki wanaopanda juu kutweta huku kipuliza hewa kinafanya kazi na kipimo cha oksijeni kinasoma vizuri. Nikamfungua mmoja aliyekufa, damu yake ilikuwa ya rangi ya kahawia, kama si damu. Ni huo msongo?

#16 KemiaHai
Hiyo ni naitraiti mkuu. Chujio jipya huwa na bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti kabla wale wa kuimalizia hawajakua. Naitraiti inaingia kwa mlango wa kloraidi kwenye matamvua, inaoksidisha chuma kilichomo kwenye himoglobini, na himoglobini ya namna hiyo haibebi oksijeni. Kwa hiyo maji yana hewa ya kutosha, samaki anakosa hewa ndani ya damu. Weka chumvi ya kawaida kwa kipimo, kloraidi itagombania mlango na naitraiti, wakati unapunguza chakula na kubadilisha maji.

#17 SinaHaraka
Na naomba itambulike kwamba hapo tena samaki amekufa kwa sababu inayoeleweka bila kutaja mafuta ya utando wala katalasi.

#18 Mlisha
Kabla hamjalaumu maji, angalieni kwenye gunia. Chakula cha samaki kina mafuta ya samaki, na mafuta hayo yakikaa kwenye joto yanaoksidika ndani ya mfuko. Samaki akiyala, anapata mafuta yaliyokwisha kuharibika pamoja na upungufu wa vitamini E, maana vitamini hiyo imeshatumika kuyazuia yasiharibike zaidi. Misuli inalika, ini linabadilika rangi. Dalili zile zile mnazozipima, kwenye maji yasiyo na tone la kiuatilifu. Mimi nimeona tangi lote likidhoofika, chakula kikabadilishwa, likarudi.

#19 Bwawani
Ila Mlisha, kila uzi wa samaki lazima tuishie kwenye gunia la chakula 😄 Halafu vitamini C si samaki anajitengenezea?

#20 Mlisha
Kwa sababu kila samaki anakula! Hapana, papa na kamongo wanaweza kutengeneza vitamini C, lakini samaki wengi wa mifupa tunaofuga wamepoteza kimeng'enya cha hatua ya mwisho, kama sisi binadamu. Wasipopewa kwenye chakula mgongo unapinda. Na C ndiyo inayoirudishia E nguvu zake baada ya E kuzima radikali, kwa hiyo upungufu wa moja unaigharimu nyingine.

#21 MtoMweusi
Tutoke kwenye mabwawa kidogo twende mitoni. Black River huko Ohio, Marekani, ulikuwa na kiwanda cha kuoka makaa ya mawe kwa ajili ya chuma, tope la chini likajaa hidrokaboni zenye pete nyingi, zile za lami na moshi. Kambare wa hapo, brown bullhead, walikuwa na saratani za ini kwa wingi. Kiwanda kikafungwa mwaka 1983, saratani zikapungua. Mwaka 1990 tope lilichimbwa kuondolewa, likatibuka, saratani zikapanda tena kwa muda kabla ya kushuka. Sijui mfano mwingine wa porini unaofungua na kufunga bomba waziwazi namna hiyo.

Ini linajaribu kuzitoa hidrokaboni hizo kwa kimeng'enya CYP1A. Katika kuzibadilisha kinavujisha superoksaidi, na baadhi ya mazao yake ni kwinoni zinazopokea elektroni na kuipa oksijeni, zinarudi kupokea nyingine, mzunguko hauishi. Parakwati, dawa ya magugu, inafanya mchezo huo huo. Molekuli moja inazaa superoksaidi nyingi, yenyewe haiishi.

#22 SinaHaraka
Mfano wa Black River naukubali wote, isipokuwa maana uliyoupa. Hidrokaboni hizo zikishabadilishwa zinajibandika moja kwa moja kwenye DNA. Hiyo peke yake inatosha kuleta saratani. Umenionyesha kwamba uchafuzi unaleta uvimbe. Hujanionyesha kwamba superoksaidi ndiyo iliyouleta.

#23 MtoMweusi
Basi chukua killifish wa Elizabeth River, Virginia, palipokuwa na kiwanda cha kutibu mbao kwa kreosoti, mafuta ya lami yenye hidrokaboni hizo hizo. Samaki hao wadogo wamezaliana humo vizazi vingi hadi wakawa sugu. Wamefanya nini? CYP1A yao haiamki tena kama ya wenzao, na kinga zao za kuzima oksidi ziko juu. Kama oksidi lingekuwa jambo la pembeni, uteuzi wa maumbile usingegharimia kinga hiyo. Na gharama ipo: watoto wao wakiwekwa kwenye maji safi yenye oksijeni ndogo wanahimili kidogo kuliko samaki wa kawaida.

#24 SinaHaraka
Hiyo ya gharama imenifanya nisome mara mbili. Lakini usugu mkubwa umetokana na kuizima njia ya CYP1A. Kinga ya juu inaweza kuwa mkia wa mabadiliko hayo. Tusiharakishe.

#25 DadaDarubini
Mkitaka kisa kinachopinda kabisa, tazameni matairi. Watengenezaji wanaweka 6PPD kwenye mpira ili iukinge dhidi ya ozoni. Ni kizuia oksidi. Ikikutana na ozoni inageuka kuwa 6PPD-kwinoni, mvua inaisafirisha kutoka barabarani hadi kwenye vijito, na samoni aina ya coho wanakufa ndani ya saa chache kwa kiasi kisichofika mikrogramu 1 kwa lita. Ilitambuliwa mwaka 2020 baada ya miaka mingi ya watu kuona samoni wanakufa kila baada ya mvua bila kujua kwa nini. Samoni aina ya chum, ndugu yake kabisa, yeye anavumilia. Ukisikia kwinoni unafikiria mzunguko wa #21, lakini kama kingekuwa hicho tu, chum naye angekufa. Kinachoonekana kwa coho ni kuvuja kwa mishipa ya damu ya kwenye ubongo.

#26 Bwawani
Sasa tuseme mimi nataka kuwakinga wangu. Nikiongeza seleniamu na vitamini nyingi kwenye chakula, si glutathioni peroksidasi inapanda na mambo yanaisha?

#27 DadaDarubini
Seleniamu usiiguse kwa kukadiria! Nafasi kati ya inayohitajika na inayoua ni nyembamba. Belews Lake, North Carolina, miaka ya 1970, maji kutoka bwawa la majivu ya makaa ya mawe ya mtambo wa umeme yaliingiza seleniamu ziwani. Kati ya aina 20 za samaki, 19 zilitoweka. Wakubwa wengi walionekana wazima. Ilikuwa inapita kwenye mayai, vifaranga wanazaliwa wamepinda. Ikizidi, seleniamu yenyewe inakula glutathioni na kuzalisha superoksaidi.

#28 Mwanamaji77
Na plastiki ndogo ndogo? Naona kila habari siku hizi inazitaja.

#29 Maabara_Usiku
Majaribio mengi ya plastiki hutumia viwango vilivyo juu mno kuliko vya majini, tena vipande vya duara vilivyosafishwa, wakati vya majini vimechakaa na kubeba kemikali. Katalasi inabadilika, ndiyo. Kwa niliyoyasema #10, mabadiliko ya katalasi peke yake yasikuamulie.

Ila nina wazo kuhusu ubishi wa Alfajiri na Fundi. Chembe nyekundu za damu za samaki zina kiini, si kama zetu. Tone moja linatosha kuangalia uharibifu wa DNA bila kumuua samaki. Mtu angeweza kuchukua damu alfajiri na alasiri kwenye bwawa lenye mwani mwingi, kisha afanye hivyo kwenye bwawa lenye shaba ila halina mwani. Kama kurudi kwa oksijeni ndiko kunakoumiza, la kwanza litaonyesha tofauti ya saa hizo mbili na la pili halitaonyesha.

#30 Fundi_Matamvua
Na bwawa la tatu lenye vyote viwili. Porini hakuna mto wenye sumu moja. Shaba inaharibu matamvua, oksijeni inashuka usiku, samaki anapumua maji mengi zaidi ili apate hewa, na kwa kufanya hivyo anavuta shaba nyingi zaidi. Ukitenganisha sana utapata majibu ya maabara ambayo mto hauyajui.

#31 SinaHaraka
Fanyeni yote matatu, lakini kwenye tone hilo hilo pimeni na sodiamu. Sodiamu ikianguka kabla DNA haijaguswa, mnajua nitakachosema.

#32 Bwawani
Wakati mnasubiri hayo, kipuliza hewa nikiwashe saa ngapi? Nimekuwa nikiwasha nikiamka.

#33 Alfajiri
Washa jioni jua linapozama, zima asubuhi jua likishapanda vizuri. Ukisubiri kuamka, oksijeni imeshafika chini kabisa na unairudisha kwa kishindo. Unataka isishuke. Na punguza chakula kabla ya kuongeza mashine, mabaki ndiyo yanayolisha huo mwani.

#34 Mlisha
Kuhusu chakula nilishasema. Bwawani, gunia lako limefunguliwa lini?